Reli ya Mserereko na Usalama wa Abiria Wake

Msomaji, ikiwa umezaliwa pwani, bila shaka unayajua mabembea ya siku za Idi. Mtoto huketi, akainuliwa juu, roho ikamruka, akapiga kelele. Naye akiisha kuteremshwa huenda mbio kwa mjomba wake kuomba senti nyingine ili apande tena. Na ikiwa umezaliwa bara, pengine umepata ladha hiyo hiyo kwa kuserereka kilimani juu ya majani mabichi. Binadamu hupenda kuogopa kidogo, maadamu ajua kwamba hofu hiyo ikiisha atasimama kwa miguu yake mwenyewe. Juu ya tamaa hii watu wa Ulaya na Marekani wamejenga chombo kikubwa cha miti na chuma, chenye vilima, mabonde na mizunguko, ambamo vigari vilivyojaa abiria hupandishwa juu polepole, kisha huachwa viteremke kwa kasi. Waingereza hukiita rolakosta. Mimi katika insha hii nitakiita reli ya mserereko.

Mwanafunzi mmoja wa chuo chetu, aliyeiona picha ya reli hiyo, aliniuliza, "Mwalimu, mbona watu hawaanguki wanapopinduliwa vichwa chini?" Nilimjibu upesi kwa mfano wa ndoo ya maji izungushwayo kwa kamba, ambayo maji yake hayamwagiki. Jibu langu lilikuwa sahihi, lakini lilikuwa fupi mno. Kwani wako walioanguka. Habari za wale walioanguka, na za wale walioketi wakafikiri namna ya kuzuia wengine wasianguke, ndizo nitakazokusimulia.

Chanzo cha mchezo huu ni barafu. Katika nchi ya Urusi, karne ya 17 na ya 18, watu walijenga vilima vya mbao wakati wa baridi, wakavimwagia maji mpaka yakaganda, kisha wakaserereka juu yake katika sileji. Malkia Catherine wa Pili aliupenda sana mchezo huo, hata akajengewa kilima chake katika jumba la Oranienbaum karibu na St. Petersburg, na vigari vyake vikatiwa magurudumu ili aweze kuserereka hata wakati wa joto. Toka huko mchezo ulihamia Ufaransa. Katika mwaka wa 1817 jiji la Paris lilikuwa na viwanja viwili vya namna hiyo, na katika kimoja ekseli za vigari zilishikwa ndani ya mfuo wa reli ili gari lisiruke nje. Zingatia jambo hilo, msomaji: mapema kabisa watu walikwisha kutambua kwamba adui wa kwanza ni gurudumu liachalo njia yake. Wafaransa mpaka leo huuita mchezo huu "milima ya Kirusi," na Warusi wenyewe, kwa kichekesho cha historia, huuita "milima ya Kimarekani."

Warusi wana sababu ya kuuita hivyo. Katika mwaka wa 1827, huko Mauch Chunk katika jimbo la Pennsylvania, ilijengwa reli ya kuteremshia makaa ya mawe kutoka mlimani mpaka mtoni. Mabehewa yaliteremka kwa uzito wake yenyewe, na nyumbu ndio waliokuwa wakiyarudisha juu matupu. Nyumbu hao nao walipewa behewa lao la kuteremkia. Yasemekana kwamba walipokwisha kulizoea walikataa katakata kuteremka kwa miguu. Watu waliona, wakatamani, wakalipa nauli. Na baadaye makaa yalipopata njia nyingine, reli ile ikabaki kuwa ya watalii tu.

Kisha akatokea LaMarcus Thompson. Katika mwaka wa 1884 alifungua reli yake katika ufuko wa Coney Island, New York. Abiria alipanda ngazi za mnara, akaketi ubavuubavu, akateremka kwa mwendo wa kama kilomita 10 kwa saa, mwendo ambao kijana yeyote wa shule aweza kuushinda kwa miguu. Nauli ilikuwa senti 5. Kwa hatari, chombo hicho kilikuwa hakizidi mkokoteni. Lakini kwa faida kilikuwa mgodi wa dhahabu, na wengine walipoona fedha hizo walianza kushindana naye. Mashindano hayo ndiyo yaliyoleta majeraha. Mmoja akijenga kilima cha mita 15, jirani yake hujenga cha mita 20, na gari literemkalo kutoka mita 20, tukiacha kando msuguano, hufika chini likienda karibu kilomita 70 kwa saa. Katika mwendo huo kofia hupeperuka, na mtu asiyeshikwa hupeperuka vile vile.

Katika mwaka wa 1895, huko huko Coney Island, ilifunguliwa reli iliyoitwa Flip Flap. Hiyo ilikuwa na duara lililosimama wima, kipenyo chake karibu mita 7 na nusu, na abiria walipitishwa humo miguu juu vichwa chini. Hawakuanguka. Walishuka wakishika shingo zao.

Hapa ningependa tusimame kidogo, kwa maana jambo hili ni la fizikia unayojifunza darasani. Mtu aketiye katika gari lipindalo kwa nguvu huhisi mwili wake umekuwa mzito. Sasa chukua duara kamili. Ili gari lipite kileleni pasipo kuanguka lazima liwe na mwendo fulani, na ili liwe na mwendo huo kileleni lazima liingie chini likiwa na mwendo mkubwa zaidi. Ukifanya hesabu utaona kwamba hata ukiingia kwa ule mwendo mdogo kabisa unaotosha, pale chini ya duara utahisi uzito wako umezidishwa mara 6. Na hesabu hii haibadiliki, duara liwe dogo kama la Flip Flap au kubwa kama mlima. Wenye Flip Flap, ili wasikose, waliingiza magari kwa mwendo uliopita kiasi, na yasemekana kwamba uzito ulifika mara 12. Kichwa cha mtu mzima huwa na uzito wa kama kilo 5. Kizidishe mara 12, kisha ufikiri juu ya shingo inayokibeba.

Watu wa New York hawakuwa wajinga. Wengi waliona afadhali kutazama wenzao wakipinduliwa, na baada ya miaka michache reli hiyo ilikwisha. Katika mwaka wa 1901 Edwin Prescott alijenga nyingine, akaliacha duara kamili akachukua umbo la yai, na shingo zikapata nafuu. Lakini vigari vyake vilichukua watu wachache mno, mapato hayakutosha, na katika mwaka wa 1910 mizunguko hiyo ikafungwa. Ilipita zaidi ya miaka 60 kabla jambo hili halijarudiwa kwa akili timamu. Katika mwaka wa 1976, huko California, ilifunguliwa reli iliyojengwa na Mjerumani Anton Schwarzkopf na kupigiwa hesabu na mwenziwe Werner Stengel. Mzunguko wake haukuwa duara, bali ulifanana na tone la maji lililopinduliwa: chini, mahali penye mwendo mkali, njia yapinda polepole, juu, mahali penye mwendo mdogo, yapinda kwa ghafula. Kwa hiyo mwili hauelemewi chini, wala gari halikosi mwendo juu. Ukiona leo picha ya watu wakipinduliwa huku wakicheka, umbo hilo ndilo linalowachekesha.

Lakini mtu ambaye abiria wamfaa kumshukuru zaidi ni John Miller, Mmarekani aliyezaliwa mwaka wa 1872 akafa mwaka wa 1941, ambaye jina lake halitajwi nje ya kazi hii. Aliacha mambo mawili. La kwanza, la mwaka wa 1910, ni ulimi wa chuma uliofungwa chini ya gari. Gari linapopandishwa na mnyororo, ulimi huo hupita juu ya meno ya chuma yaliyopangwa kando ya njia, jino kwa jino. Mnyororo ukikatika, ulimi hunasa katika jino lililo nyuma yake na gari hukaa papo hapo. Ule mlio wa ta-ta-ta-ta usikikao gari linapopanda, ambao abiria huuchukia kwa kuwa huwaongezea hofu, ni mlio wa kitu kinachowalinda. La pili, la mwaka wa 1919, ni gurudumu la chini. Zamani gari lilikaa juu ya njia kwa uzito wake tu. Likipita kilimani kwa kasi laweza kuruka. Miller alitia magurudumu mengine chini ya reli, hata gari likawa limeikumbatia njia juu na chini.

Sasa tazama tabia ya binadamu. Baada ya kupata kinga hiyo, wajenzi hawakusema, "Alhamdulillahi, tumepona." Walisema, "Sasa twaweza kujenga vikali zaidi." Miaka ya 1920 ilijaa reli za kutisha. Katika mwaka wa 1927 ilifunguliwa moja iliyoitwa Cyclone huko Crystal Beach nchini Kanada, ambayo ilipinda na kupindua hata mwuguzi akawekwa kituoni kuwahudumia wanaozimia. Mwenye kiwanja hakuona haya juu ya mwuguzi huyo. Alikuwa tangazo la biashara. Katika mwaka wa 1938 abiria mmoja alianguka kutoka garini akafa. Reli ilifungwa mwaka wa 1946, na baadhi ya chuma chake kikatumiwa kujenga nyingine iliyo pole zaidi.

Yote hayo ni utangulizi wa siku moja ambayo, kwa maoni yangu, yapasa kujulikana na kila mtu apendaye mashine.

Katika bustani ya Battersea, London, kilikuwako kiwanja cha burudani kilichofunguliwa mwaka wa 1951 wakati wa sherehe kubwa za taifa. Ndani yake ilikuwamo reli ya miti iliyoitwa Big Dipper. Tarehe 30 Mei 1972, shule zikiwa zimefungwa, watoto walijaa kiwanjani. Treni moja ilikuwa ikivutwa juu ya kilima cha kwanza. Karibu na kilele iliachana na kamba iliyokuwa ikiivuta. Hapo ndipo kizuizi kilipotakiwa kufanya kazi yake moja ambayo kiliumbwa kwayo. Hakikushika. Treni ilianza kurudi kinyumenyume, na mwendo ukaongezeka. Kwenye pindo la njia, gari la nyuma liliacha reli, na mengine yakaligonga kwa nyuma. Watoto 5 walikufa, na watu 13 walijeruhiwa.

Msomaji, watoto wale walikuwa wa rika lako au wadogo kuliko wewe. Walilipa nauli, wakaketi kama walivyoambiwa, wala hawakufanya kosa lolote. Na kinga iliyowakosa haikuwa siri ya wataalamu. Ilikuwa imekwisha kujulikana ulimwenguni kwa zaidi ya miaka 60. Ndiyo maana siwezi kukubali neno "ajali" litumikapo kwa maana ya jambo lisilozuilika. Mti ulioloa mvua huoza, na chuma kisichopakwa mafuta hushika kutu. Hayo huja polepole, kwa miaka, machoni pa mtu ambaye kazi yake ni kuyatazama. Wasimamizi wawili walishitakiwa kwa kuua bila kukusudia, nao wakaachiliwa na mahakama. Big Dipper ilivunjwa, na kiwanja kizima kikafungwa mwaka wa 1974. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kubwa ya usalama kazini, iliyomlazimu mwenye kazi kuwalinda si watumishi wake tu, bali na watu wa nje wanaoguswa na kazi yake. Mwenye kiwanja cha burudani naye aliingia katika kifungo hicho.

Marekani ilikwenda njia nyingine. Katika mwaka wa 1978 wataalamu na wenye viwanja waliunda kamati ya kuandika kanuni za ujenzi na ukaguzi. Lakini katika mwaka wa 1981 Bunge la nchi hiyo liliiondolea serikali kuu mamlaka juu ya vyombo vilivyojengwa mahali pamoja, likawaachia majimbo. Vyombo vya kuhamahama, vile vya maonyesho yaendayo mji hadi mji, vikabaki chini ya serikali kuu. Mimi naona ni ajabu kwamba kilima kidogo kiwezacho kukunjwa na kutiwa katika lori kitazamwe na serikali kuu, na mlima wa chuma usiohama usitazamwe nayo.

Visa vilivyofuata vyafundisha zaidi juu ya vitu vidogo. Tarehe 14 Juni 1986, ndani ya jengo kubwa la maduka huko Edmonton, Kanada, magurudumu ya gari la mwisho la reli iliyoitwa Mindbender yalichomoka kwa sababu bolti zilizoyashika hazikuwa mahali pake. Gari liliyumba, treni ikapoteza mwendo, ikashindwa kumaliza mzunguko, ikarudi nyuma na kugonga nguzo ya zege. Watu 3 walikufa. Na tarehe 5 Mei 2007 huko Osaka, Ujapani, ekseli ilivunjika gari likiwa mwendoni. Abiria mmoja alikufa na wengine wengi wakajeruhiwa. Chuma nacho huchoka, msomaji. Kukunjwa kidogo mara moja hakukidhuru, lakini kukunjwa huko huko mara mamia ya maelfu huanzisha ufa mwembamba kama unywele, usioonekana kwa jicho. Na ufa huo hukua mpaka siku chuma kitakapokatika chini ya mzigo ulio mwepesi kuliko ile iliyokwisha kuibeba. Kwa hiyo ekseli haitazamwi kwa macho tu. Hupimwa kwa vyombo vinavyofichua nyufa, na hutolewa kazini kabla haijavunjika, hata kama yaonekana nzima.

Ni haki kusema kwamba abiria nao hujiletea maafa. Wako wanaosimama garini, na wako wanaojikunyata ili chuma cha kuzuia mapaja kisiwabane sawasawa. Mwezi wa Juni 2008, katika jimbo la Georgia, kijana wa miaka 17 aliruka ua wa mahali palipokatazwa chini ya njia ya reli, na treni ikampiga ikamwua. Hakuwa hata abiria wakati huo. Visa vya namna hiyo vimetokea zaidi ya kimoja, mara nyingine kwa ajili ya kofia iliyoanguka.

Nimalizie kwa kisa cha siku za karibu. Reli ndefu za leo huendesha treni kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo njia hukatwa vipande vipande, na kompyuta hairuhusu treni kuingia kipande ambacho mbele yake kuna nyingine. Ni kanuni ile ile iliyotumiwa na reli za kawaida tangu karne ya 19. Katika kiwanja cha Alton Towers, Uingereza, reli iitwayo The Smiler, yenye mizunguko 14, ilikuwa na kinga hiyo. Tarehe 2 Juni 2015 upepo ulikuwa mkali. Treni tupu iliyotumwa kwa majaribio ilishindwa kupanda, ikarudi bondeni ikakwama. Nyuma yake treni yenye abiria 16 ilikuwa kilimani, na kompyuta ikaisimamisha, kama ilivyopasa. Mafundi waliona taarifa ya kompyuta. Kwa kuwa hawakujua kwamba iko treni moja zaidi njiani, walidhani kompyuta imekosea, nao wakaipitia kando wakaiachia treni iende. Iliteremka ikaigonga ile tupu. Abiria wote 16 waliumia. Wasichana wawili waliokuwa safu ya mbele walikatwa mguu mmoja kila mmoja. Waokoaji walichukua zaidi ya saa 4 kuwatoa wote, kwani treni ilikuwa imening'inia juu, imelala upande.

Mwanafunzi wangu alipoisikia habari hii aliniuliza, "Mwalimu, yule fundi alifungwa miaka mingapi?" Nilimwambia kwamba hakufungwa. Wakaguzi wa serikali walichunguza wakaona kwamba mafundi wale hawakupewa utaratibu wa kufuata kompyuta inaposimamisha treni, wala njia ya kuhesabu treni zilizo njiani, wala mafunzo ya kutosha. Kwa hiyo aliyeshitakiwa alikuwa kampuni. Kampuni ilikiri kosa, na katika mwezi wa Septemba 2016 ikatozwa faini ya pauni milioni 5. Reli yenyewe ilikuwa imekwisha kufunguliwa tena tangu Machi mwaka huo, ikiwa imetengenezwa upya na utaratibu wake umebadilishwa.